Ndege Iliyokalia Mkia

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua iliyonyesha siku nne mfululizo ilikatika kabla ya mapambazuko, na asubuhi hiyo kulikuwa shwari kabisa, anga safi, mvuke ukipanda taratibu kutoka kwenye saruji iliyolowa. Nilimshukuru Mungu kwa lile jua. Nilikuwa nimeliomba wiki nzima, kwa kuwa rangi mpya na mvua havipatani, na kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo Mhandisi alisema atamwambia mama yake kwamba ananioa.

Mimi ni fundi rangi. Miaka kumi na miwili nilipaka mabasi, mpaka wenzangu wakaacha kuniita kwa jina wakaniita Brashi. Kisha bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya mji ikanunua ndege ya zamani ya abiria, ya propela mbili, iliyostaafu kabla sijaanza shule. Ililetwa vipande vipande kwa malori, mabawa gari moja, mkia gari jingine, nasi tukaajiriwa kuifufua. Haikukusudiwa kuruka tena. Ilikusudiwa kusimama kati ya gurudumu kubwa na farasi wa kuzunguka, watoto wakae kwenye kiti cha rubani wakishika usukani, na wazee wawaonyeshe wajukuu jinsi watu walivyosafiri zamani.

Rubani wake wa mwisho alikuwa baba yake Mhandisi. Alikuwa amekwisha kufariki. Ndiyo sababu Mhandisi aliacha kazi nzuri kwenye kiwanja cha ndege akaja kusimamia ukarabati huu, na ndiyo sababu mama yake, ambaye karakana nzima tulimwita Mama Rubani, alikuja kila Ijumaa na kiti chake cha kukunja, akakaa mlangoni akitutazama kama mwenye nyumba anayewatazama wapangaji.

Kwenye kazi ya ndege kuna kadi. Kila kazi ina kadi yake, hata kukaza skrubu moja: nini kifanyike, nani ameagiza, nani amefanya, nani amekagua. Mhandisi alinifundisha hilo siku ya kwanza.

"Basi unalipaka kwa maneno ya mdomo," aliniambia. "Ndege unaipaka kwa kadi. Hakuna kadi, hakuna kazi. Hata mimi nikikuagiza bila kadi, nikatalie."

"Hata wewe bosi?"

"Mimi kwanza kabisa."

Nikamkatalia miezi mitatu. Akiniambia sugua hapa, nasimama na brashi yangu mkononi, nasema, "Kadi." Anacheka, anachomoa kalamu mfukoni, anaandika huku ameegemea bawa, ananipa. Alizoea kuishikilia ile kadi kidogo kabla ya kuiachia, na mimi nikazoea kutoivuta haraka. Kuna siku tuliishika hivyo wote wawili mpaka Mzee Riveti, fundi mkongwe wa bati, akapiga kelele kutoka juu ya ngazi, "Jamani, hiyo kadi itachanika!"

Mwezi wa nne wa kazi tulikuwa wapenzi. Na kuanzia hapo sikumdai tena saini. Ningemdaije? Mtu amekushika kidevu saa nne, amekuambia huwezi kukaa naye mbali hata Jumapili moja, halafu saa tano umwambie andika usije ukaniruka? Niliona ni kama kumwambia simwamini. Kadi zangu zikabaki nyeupe kwenye droo, na mimi nikafanya kazi kwa sauti yake.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile nilikuwa nimelala chali chini ya tumbo la ndege nikipiga msasa. Nikakuta matundu madogo, upana wa kalamu, yamepangwa mstari mmoja kuelekea mkiani.

"Mhandisi, haya matundu vipi?"

Alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu. Akaifunika kwa kiganja. "Ziba yote. Nataka tumbo laini kama yai."

"Una uhakika? Yapo mengi."

"Brashi, mpenzi, ziba tu."

Nikaziba. Nikaweka puti, nikasugua, nikaweka tena, nikapaka rangi ya fedha mara tatu. Hata ungepitisha shavu lako pale usingehisi kitu. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na usiku nilipopiga magoti niliitaja kwenye sala.

Basi, Jumamosi ikafika. Ndege ilikuwa imesimama mahali pake tangu Jumatatu, nje, magurudumu matatu yamezuiwa kwa vigingi, rangi inang'aa. Injini zilikuwa maganda tu. Vya ndani vilitolewa, kwa hiyo mbele kulikuwa kwepesi, na nyuma tulikuwa tumeweka stendi ya chuma kuushika mkia. Mipira ya kuziba madirisha tuliiacha ile ile ya zamani, kwa sababu Mhandisi alisema kuhifadhi siyo kubadilisha kila kitu.

Nilimkuta amevaa shati jeupe, anazunguka ndege mikono nyuma.

"Leo?" nikamuuliza.

"Leo." Akatazama huku na huku, akanisogelea. "Acha Mama apande kwanza. Akae kwenye kiti cha baba. Akilia kidogo, nitakuita uje ndani, nitamwambia hapo hapo."

"Mpaka alie?"

"Mama akilia huwa mpole kwa nusu saa."

"Kwa hiyo nina nusu saa ya kuwa mkwe."

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa na kitu kingine, kama cha mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nikatamani kumgusa. Ovaroli yangu ilikuwa safi siku hiyo, nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi, na nilikuwa nimesugua kucha zangu kwa tina ya kutolea rangi mpaka zikachubuka.

"Umependeza," akasema.

"Mwongo."

"Haki ya Mungu."

Kisha akamgeukia Mzee Riveti. "Mzee wangu, hebu toa hiyo stendi ya mkia. Inaharibu picha. Tutairudisha mchana."

Mzee Riveti hakusogea. "Kadi."

"Mzee, leo ni sherehe."

"Sherehe yako. Mkia ni wangu. Kadi."

Mhandisi akaandika, akasaini, akampa. Mzee akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni, ndipo akaenda kulegeza jeki. Nilimwona mkaidi asiye na mapenzi ya mtu. Mungu anisamehe.

Saa tatu wageni wakafika. Hawakuwa wengi: meneja wa bustani, mafundi wetu saba, jamaa wa marehemu, Mama Rubani, na binti yake, dada mkubwa wa Mhandisi, mwanamke mwenye sauti ya kukatia bati. Kule nyuma mafundi wa michezo walikuwa wanajaribu farasi wa kuzunguka, na muziki wake mwembamba ukawa unacheza, unakatika, unacheza tena.

Ngazi ya abiria ilikuwa nyuma, karibu na mkia, imefunikwa zulia jekundu. Mama Rubani akaanza kutembea kuielekea, amevaa viatu vyeupe, mkoba wa marehemu wa ngozi umebanwa kwapani. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ngazi, pale Mhandisi aliponiambia nisimame.

Alipobakiza hatua nne au tano, akanitazama, akasimama.

"Huyu naye?"

"Ni wa rangi, Mama," Mhandisi akasema.

"Najua ni wa rangi, nina pua. Nauliza mbona vibarua wamesimama upande wa familia?"

Nilifungua mdomo nimwamkie. "Shikamoo, Ma..."

Hakuitikia. Aligeuka kumwambia bintiye jambo, na huko kugeuka ndiko kulikomwokoa. Ndani ya ndege kulisikika kitu kizito kikijivuta polepole kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu anayejigeuza kitandani. Gurudumu la mbele likanyanyuka. Lilinyanyuka taratibu sana, bila haraka yoyote, nasi sote tukalitazama kama watu wanaotazama mchezo. Kisha pua ya ndege ikaenda juu, na mkia ukashuka na kuikalia ngazi. Ile ngazi ya chuma, na zulia lake, ikabonyea kama kopo.

Muziki wa farasi ulikuwa unacheza.

Mzee Riveti ndiye aliyekwenda. Alipiga magoti, akaligonga tumbo la ndege kwa vifundo vya vidole, hapa, kisha pale.

"Imejaa," akasema.

"Imejaa nini?" meneja akauliza.

Mzee akachomoa bisibisi mfukoni, akapapasa rangi yangu laini, akaishindilia. Maji yakaruka kama mshipa uliokatwa. Maji ya kahawia, yenye kutu na uozo, yakamlowesha kifua, yakatambaa kwenye saruji hadi kwenye viatu vyeupe vya Mama Rubani. Hakuvisogeza.

"Matundu ya kutolea maji," Mzee akasema, akijifuta uso. "Mvua inaingia madirishani, inatokea hapa. Tangu ndege hii iundwe inatokea hapa. Kuna mtu ameyaziba yote. Siku nne za mvua zimo humu ndani, na stendi ilipotoka zikajivuta taratibu hadi mkiani. Nani aliziba?"

Nikasogea mbele hatua moja.

"Mimi."

"Kwa kadi gani?"

"Hakuna kadi."

"Hakuna kadi!" Mzee akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika na amehuzunika kwa pamoja. "Binti yangu. Ulikuwa unafanya kazi au ulikuwa unafanya nini?"

Mafundi wawili wakacheka puani. Walijua nilichokuwa nafanya.

"Nani alikwambia uzibe?" Mama Rubani akauliza.

Nikamtazama Mhandisi. Sikumtaja. Nilitaka aseme mwenyewe. Ningemtangulia ningekuwa nimempokonya nafasi. Nilimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyeshika kamba upande wa pili. Ee Mungu, nikasema moyoni, mfungue mdomo. Yeye akaitazama ngazi iliyobonyea. Akaitazama kwa muda mrefu, kana kwamba imeandikwa maneno. Kisha akanitazama, mara moja tu, kwa macho yale yale yaliyokuwa yakinifanya nisilale, na nikaona yananiomba kitu.

"Mama," akasema, "huyu ni kibarua tu. Ametoka kwenye mabasi. Hajui ndege."

Nimewahi kuangukiwa na bati la mlango mguuni. Maumivu hayaji papo hapo. Kwanza unatazama mguu, unashangaa mbona hauumi.

"Kibarua tu," dada yake akarudia. "Kibarua tu anayekupigia simu tukiwa mezani, unatoka nje kupokea? Kaka, usitufanye watoto."

"Dada, nyamaza."

"Ninyamaze, kwani nasema uongo? Halafu leo kapiga pasi ovaroli. Wifi mtarajiwa!" Akanitazama juu mpaka chini. "Pole, mwaya. Ungemwambia akununulie gauni."

Mama Rubani aliinua mkono kidogo, na bintiye akanyamaza. Sauti ya mama ilikuwa ya chini, ya adabu kabisa.

"Miezi mitano nafua mashati ya mwanangu yananuka tina. Nikayafua kwa mikono yangu, nikanyamaza, nikasema ni kazi." Akasogea hatua moja, viatu vyake vikapiga maji. "Sikiliza, binti. Mume wangu aliishusha ndege hii kwenye dhoruba, injini moja imezimika, abiria thelathini na wawili, na hakukwaruzika hata mtoto mchanga. Miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kuiangusha. Wewe umeiangusha ikiwa imesimama."

Meneja akakohoa, akawaomba wageni wakae kwanza kwenye turubai wapate soda, na nikaona miguu inaondoka mmoja mmoja. Nikaenda zangu kwenye chumba cha rangi, nyuma ya karakana, nikaanza kukusanya brashi zangu. Mikono ilihitaji kitu cha kushika.

Akaja. Nilijua atakuja. Akafunga mlango nyuma yake, akauegemea.

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Yapo mawili."

"Brashi..."

"Kwa kusema sijui ndege, au kwa kusema mimi ni kibarua tu?"

Akajishika kichwa. "Sikuelewa ulichoniuliza siku ile. Naapa. Nilidhani ni matundu ya skrubu, zile za antena ya zamani. Mama alikuwa ananipigia kelele kwenye simu, sikutazama. Ningetazama ningejua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua matundu yale."

"Kwa hiyo unakumbuka uliniambia."

"Nakumbuka."

"Basi toka nje ukaseme."

Akainama, akaanza kukwaruza rangi iliyokauka mlangoni kwa ukucha.

"Ni maneno matatu tu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwagiza. Sikuombi useme unanipenda. Hilo limeshanipita leo. Sema hayo tu, nitaondoka kichwa juu."

"Huelewi. Stendi ya mkia nimeisaini mimi. Mzee anayo kadi mfukoni. Nikiongeza na matundu, nimekwisha. Watanipokonya leseni. Mama ana presha, ungemwona anavyotetemeka. Angekuwa kwenye ile ngazi..."

"Angekuwa kwenye ile ngazi, na mimi nilikuwa pembeni yake. Uliniweka pale mwenyewe."

"Najua."

"Hukuniuliza kama nimeumia."

Akainua uso. Alikuwa hajafikiria. Niliona jinsi lilivyomwingia, jinsi alivyotaka kunikagua mikono na mabega hapo hapo, na nikarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ni fundi," akasema, sauti imekatika. "Kesho ukienda kwenye mabasi watakupokea kwa shangwe. Mimi nikianguka hapa nimeanguka moja kwa moja. Beba hili kidogo tu. Miezi sita. Mambo yakipoa nitakuja kukuchukua."

"Na hiyo miezi sita nitakuwa nani?"

"Utakuwa wangu."

"Mbele ya nani?"

"Jamani, Brashi, usinifanyie hivi leo."

"Mbele ya nani, Mhandisi?"

Alikuwa analia sasa. Machozi ya mwanaume mzuri ni mtihani. Alisogea, akaweka paji la uso wake begani kwangu, na mimi, Mungu ananijua nilivyo, nikamshika kichwa. Nilimpenda bado. Nilipenda uzito wa kile kichwa, nilipenda hata hofu yake, kwa sababu ilikuwa ya kwake. Kwa muda mfupi nilifikiri, miezi sita ni nini? Watu wamengoja zaidi. Nitarudi kwenye mabasi, nitainamisha kichwa, nitaomba, na Mungu atampa moyo.

"Ukinipenda utanibebea," akasema begani kwangu.

Hapo mikono yangu ikamwachia yenyewe.

Mlango ukagongwa mara moja, ukasukumwa. Mama Rubani alikuwa amesimama kizingitini, bintiye nyuma yake, na nyuma ya bintiye Mzee Riveti, shati limemgandia kifuani. Ukuta wa chumba cha rangi ni wa mbao nyembamba. Kila fundi analijua hilo.

"Nimesikia," Mama Rubani akasema.

Mhandisi akajitenga nami kama aliyeungua. "Mama, ngoja nikueleze..."

"Nimesema nimesikia. Sina haja ya kuelezwa." Alinitazama mimi, si yeye. "Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuagiza."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukafanya ulivyoagizwa."

"Ndiyo."

Nikaona Mzee Riveti anashusha pumzi. Nami nikashusha yangu. Nilidhani basi, Mungu amejibu, kwa mlango ambao sikuutarajia. Mwanamke huyu ni mtu wa haki, ataniomba radhi sasa hivi.

"Vizuri," akasema. "Mwanangu amekosea, na ni mwanangu. Wewe hukukosea kitu, na bado sikutaki."

Hata bintiye alimgeukia. "Mama!"

"Nini? Mnataka nidanganye? Sikumlea mwanangu miaka yote hii ili aje aokotwe chini ya ndege. Hata angekuwa amefanya kazi ya dhahabu, nisingemtaka." Akatoka nje uwanjani, akaita kwa sauti, "Meneja! Njooni wote. Njooni, njooni, acheni hizo soda."

Wakaja. Wakajipanga nusu duara kwenye saruji yenye maji, chupa mkononi, nyuso za watu waliokuja sherehe wakakuta msiba. Nyuma yao ndege ilikuwa imeinua pua juu, gurudumu la mbele likining'inia hewani. Mimi nikatoka kwenye chumba cha rangi na ndoo yangu ya brashi. Mhandisi akatoka baada yangu, akasimama katikati, kati yangu na mama yake, lakini hatua moja upande wa mama.

"Huyu binti anaondoka leo," Mama Rubani akawaambia. "Sitaki aandikiwe kosa lolote, wala adaiwe chochote. Ninataka kitu kimoja kwake." Akanigeukia. "Ahidi mbele ya watu hawa kwamba hutamchukua mwanangu. Sitaki karatasi. Karatasi nyie mnazipoteza. Sema kwa mdomo wako, kwa sauti, wasikie."

"Mama, imetosha sasa," Mzee Riveti akasema. "Mtoto wa watu huyu."

"Mzee, wewe endelea na mabati."

"Nitaendelea. Lakini nasema imetosha."

"Haijatosha mpaka aseme."

Meneja alitazama viatu vyake. Dada mtu alikuwa amekunja mikono. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mimi nilikuwa namtazama mmoja tu.

Nilimpa nafasi ya mwisho. Sikumkonyeza, sikumwashiria, sikutikisa kichwa. Nilisimama tu na ndoo yangu, nikahesabu pumzi zangu, nikisema moyoni, Bwana, hata sasa hajachelewa. Hata akisema neno moja. Hata akiniita tu jina langu mbele yao, jina langu la kuzaliwa, nitamsubiri hiyo miezi sita, nitamsubiri sita juu ya sita.

Akalowesha midomo. Akanitazama, na macho yake yalijaa mapenzi. Hilo siwezi kulikana mpaka nife.

"Brashi," akasema polepole, kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, "sema tu, uende nyumbani ukapumzike. Tutaongea."

Mmoja wa mafundi akanong'ona, "Duh."

Nikaweka ndoo chini. Nilikuwa nimetegemea kwamba nitalia, na nilishangaa kukuta macho ni makavu na sauti ipo, nzima, inanisubiri kooni.

"Mama," nikasema, "naahidi. Naahidi mbele ya binti yako huyu, mbele ya Mzee Riveti, mbele ya meneja na mafundi hawa nilioshinda nao, na Mungu ananisikia. Mwanao sitamchukua. Akinipigia sitapokea, akituma mtu nitamrudisha mtu. Na siku akija mwenyewe mlangoni kwangu, iwe kesho au iwe ana mvi kichwa kizima, sitamfungia nje. Nitamshika mkono, nitamvusha barabara, nitamleta mpaka kwako, nibishe hodi, nikwambie: Mama, huyu hapa mtoto wako, pokea, bado hajakua."